Jina la Chupa na Jina la Mpishi

Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331, hakuona haya kuandika alichokula. Alieleza wali uliopikwa kwa samli na kupakuliwa katika sahani kubwa ya mbao, na juu yake kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga. Alieleza ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na maziwa ya mgando yaliyoletwa pamoja na achari ya ndimu na pilipili, tangawizi na maembe. Hata kiasi cha ulaji wa wenyeji, ambacho kilimshangaza, alikitaja. Sultani alimweleza, na kadhi alimweleza. Mpishi peke yake hakutajwa.

Karibu karne saba zimepita, na desturi hiyo haijafa. Msafiri mpenda chakula bado huandika jina la mji, jina la mkahawa, jina la chakula na, akiwa ni mnywaji, jina la divai. Mkono uliokoroga chungu hubaki jikoni. Si kila mara huwa hivyo kwa ubaya wa msafiri. Aghalabu mji wenyewe umeshamwekea cha kuuliza na cha kutouliza. Katika miji ya pwani za Afrika, Cape Town ni miongoni mwa ile ambayo jambo hili limo wazi mezani, kwa mwenye kutaka kulitazama.

Cape Town umejengwa kwenye ghuba, chini ya mlima ulio bapa kama meza, karibu na ncha ya kusini ya bara. Mabaharia waliuita mkahawa wa bahari, kwa kuwa vyombo vilivyotoka Ulaya kwenda Bara Hindi na Java vilitua hapo kupumzika. Leo msafiri anayeketi katika mmoja wa mikahawa yake mizuri hupewa karatasi mbili. Ya kwanza ni orodha ya divai, nayo husomeka kama kitabu cha nasaba: shamba, bonde, aina ya mzabibu, mwaka wa mavuno, na mara nyingi jina la mtengenezaji. Ya pili ni orodha ya vyakula. Humo atakuta bobotie, yaani nyama ya kusaga iliyotiwa bizari na zabibu kavu, ikafunikwa kwa mayai na maziwa, ikaokwa. Atakuta sosatie, ambayo ni mishikaki iliyolazwa katika viungo. Atakuta bredie, mchuzi mzito wa nyama na mboga. Na kando yake achari. Mbele ya majina hayo hapana shamba wala mwaka. Huandikwa tu kwamba ni chakula cha jadi, au chakula cha Kimalei.

Chupa ina nasaba, sahani haina. Tofauti hiyo haikuja kwa bahati. Ina historia, na historia hiyo ina tarehe.

Tarehe 6 Aprili 1652 Jan van Riebeeck aliwasili na meli za Kampuni ya Uholanzi ya India ya Mashariki. Hakutumwa kujenga mji. Alitumwa kuweka kituo ambapo mabaharia waliokuwa wakifa kwa kiseyeye wangepata maji, nyama na mboga. Nyama ilitafutwa kwa Wakhoikhoi, wafugaji wenyeji wa nchi ile, na malisho yao ndiyo yaliyokuja kugeuzwa mashamba ya wageni. Mizabibu ya kwanza ilipandwa mwaka 1655. Tarehe 2 Februari 1659 van Riebeeck alimshukuru Mungu, katika kumbukumbu zake za kila siku, kwa divai ya kwanza iliyokamuliwa katika zabibu za Rasi. Watengenezaji wa divai wa Afrika ya Kusini huikumbuka siku hiyo mpaka leo. Ni nadra zao la shamba kuwa na siku ya kuzaliwa.

Lakini iko tarehe nyingine iliyoitangulia hiyo kwa miezi kumi na siku chache. Tarehe 28 Machi 1658 meli iitwayo Amersfoort ilitia nanga katika ghuba ile ile ikiwa na zaidi ya watu 170 wa Angola, wengi wao watoto, walionyang'anywa baharini kutoka katika meli ya Wareno. Hao ndio waliokuwa kundi kubwa la kwanza la watumwa wa Rasi. Mwaka huo huo lilifuata kundi la pili, kutoka Afrika ya Magharibi. Divai ya kwanza ilipokamuliwa, mikono ya kulima, kuvuna na kupika ilikuwa imeshapatikana, na haikupatikana kwa hiari.

Wanahistoria wanakadiria kwamba hadi biashara hiyo ilipokatazwa na Waingereza, katazo lililoanza kutumika mwaka 1808, watu wapatao 63,000 walikuwa wamepelekwa Rasi. Asili zao zilikaribia kugawanyika sawasawa katika mafungu manne: Bara Hindi na Sri Lanka, visiwa vya Indonesia, Madagaska, na bara la Afrika, hasa Msumbiji na pwani ya mashariki. Pwani ya Waswahili nayo imo katika hesabu hiyo. Kati ya mwaka 1776 na 1778 Kampuni ilituma vyombo kutoka Rasi mpaka Zanzibar kununua watu, na kumbukumbu za safari mbili kati ya hizo zimesalia. Kwa hiyo msomaji wa visiwani anapotajiwa watumwa wa Cape Town, asidhani anasimuliwa habari za mbali.

Watu hao walipoingizwa katika vitabu vya Kampuni waliandikwa kwa majina ya wenye kuwanunua. Mtu aliitwa kwa jina alilopewa, kisha likaongezwa pahali alipotoka: fulani wa Bengali, fulani wa Bugis, fulani wa Msumbiji. Aliyezaliwa utumwani aliitwa fulani wa Rasi. Wengine walipewa majina ya miezi, Februari, Aprili, Septemba, na majina hayo yamebaki hadi leo kuwa majina ya koo katika mkoa ule. Divai ilitambulika kwa mwaka wake. Mtu alitambulika kwa mwezi.

Shamba lililoipa divai ya Rasi sifa duniani ni Constantia, nyuma ya mlima. Alipewa gavana Simon van der Stel mwaka 1685. Gavana huyo mwenyewe alikuwa na bibi, mzaa mama, mwanamke wa Kihindi, jambo ambalo halikuwa likitajwa sana na waliomsifu. Mwaka 1688 wakaja Waprotestanti wa Kifaransa waliokimbia mateso ya dini kwao, wakaleta ujuzi zaidi wa mizabibu. Mwaka 1778 sehemu kuu ya Constantia ilinunuliwa na Hendrik Cloete, naye ndiye aliyeifanya divai tamu ya hapo kuwa kinywaji cha wafalme. Napoleon aliinywa uhamishoni Saint Helena. Jane Austen aliitaja katika riwaya yake ya mwaka 1811, na Baudelaire katika diwani yake ya mwaka 1857. Ghala jipya la divai lilipambwa mwaka 1791 kwa nakshi ya Anton Anreith, imwoneshayo Ganymede, kijana mzuri wa visa vya Kiyunani aliyechukuliwa na tai ili awe mnyweshaji wa miungu. Labda aliyeichagua nakshi hiyo hakufikiri zaidi ya uzuri wake. Hata hivyo ni kisa cha mtoto aliyenyakuliwa kwao apelekwe kuwamiminia wengine vinywaji, nacho kiliwekwa juu ya mlango waliopita watumwa kila siku.

Lady Anne Barnard, mwanamke wa Kiskoti aliyeishi Rasi kuanzia 1797 hadi 1802, naye alifika Constantia. Alikuwa msafiri mwenye jicho kali, na alikuwa mshairi. Alipelekwa na Cloete katika chumba cha kukamulia, akawaona watu weusi watatu, nusu uchi, wakizikanyaga zabibu kwa miguu. Wageni waliofuatana naye walikunja nyuso kwa kufikiri kwamba watakunywa kilichokanyagwa na miguu ile. Yeye alijituliza kwa hoja kwamba divai inapochacha hujitakasa yenyewe. Kisha akasimama kuwatazama, akaona uzuri wa maungo yao na mwendo wao uliofanana na ngoma. Kwa hilo apewe haki yake: wenzake waliona uchafu, yeye akaona watu, tena watu wazuri. Lakini hata yeye aliwaona kama sanamu zinavyoonekana. Jina la mwenye shamba limeandikwa, la mgeni limeandikwa, na la divai limeandikwa. Ya wale watatu hayamo.

Hiyo ndiyo habari ya chupa. Habari ya sahani ilianzia upande wa pili wa nyumba.

Katika zama za Kampuni nyumba nyingi za mjini zilipokea wapangaji kutoka melini, na wapishi wake walikuwa watumwa, wengi wao wanawake. Msafiri aliyeshuka baada ya miezi ya nyama ya chumvi na mkate mkavu alikaribishwa kwa harufu ya bizari, tangawizi, mdalasini na kitunguu. Bwana alitaka nyama kama ya Uholanzi. Mpishi alitoka Bengali au Java au Sulawesi, na alijua namna yake ya kuifanya nyama iwe na ladha. Katika kusikilizana kwa tamaa hizo mbili, ya mwenye kuamuru na ya mwenye kupika, ndipo kilipozaliwa chakula cha Rasi. Msomaji wa Unguja, Lamu au Mombasa hahitaji kufasiriwa sana. Achari huko ni achari, na sambusa ni sambusa. Mafungu ya chakula ambayo mgeni hufungiwa arudi nayo nyumbani baada ya shughuli huitwa barakat. Na jioni za Ramadhani watoto hutumwa na sahani zilizofunikwa kwenda kwa jirani, kama wanavyotumwa katika mitaa ya Mji Mkongwe.

Jina Kimalei lenyewe si sahihi. Wachache mno walitoka katika nchi inayoitwa leo Malaysia. Waliitwa hivyo kwa sababu Kimalei kilikuwa mojawapo ya lugha zilizowaunganisha, na kwa sababu jina hilo lilikuja kuwa na maana ya Muislamu. Uislamu wenyewe ulifika Rasi pamoja na wafungwa. Sheikh Yusuf wa Makassar, mwanachuoni aliyewapiga vita Waholanzi huko Java, alihamishiwa Rasi mwaka 1694 na kufariki hapo mwaka 1699. Mwaka 1780 alipelekwa kifungoni katika kisiwa cha Robben mwanachuoni mwingine, Abdullah bin Kadhi Abdussalaam, aliyejulikana kama Tuan Guru. Yeye alitoka Tidore, katika visiwa vya Maluku ulikotoka mkarafuu, mti ambao baadaye ulivuka bahari ukafika Unguja na Pemba. Huyu aliandika msahafu kwa kuhifadhi kwake, na alipofunguliwa alianzisha madrasa na kuwa imamu wa msikiti wa Auwal. Kiwanja cha msikiti huo kilikuwa milki ya Saartjie wa Rasi, binti wa watumwa walioachwa huru. Katika madrasa za mji huo watoto walijifunza kuiandika lugha ya mitaani, iliyokuja kuitwa Kiafrikana, kwa herufi za Kiarabu, kama vile washairi wa pwani ya mashariki walivyoandika Kiswahili. Kitabu cha Abubakr Effendi, mwanachuoni aliyetumwa kutoka dola ya Uthmaniya, kilichapwa kwa hati hiyo mjini Istanbul mwaka 1877.

Hapo ndipo njia za chupa na sahani zilipoachana. Jikoni mtumwa alikuwa na kitu alichokijua kuliko bwana wake, na alipoachwa huru alitoka nacho. Shambani hali ilikuwa nyingine. Wafanyakazi wa mizabibu walipewa divai kidogo kidogo kutwa nzima, kuanzia asubuhi, kama sehemu ya posho. Utaratibu huo uliitwa dop. Utumwa ulifutwa tarehe 1 Disemba 1834, lakini watu wapatao 38,000 walilazimishwa kuwatumikia mabwana wale wale kwa miaka minne zaidi, mpaka 1 Disemba 1838. Wengi wa mjini walipata vyumba vya kupanga katika mtaa wa mlimani uitwao leo Bo-Kaap, wakaishi kwa ushoni, useremala, uvuvi na upishi. Wengi wa mashamba hawakuwa na ardhi ya kwenda, wakabaki, na dop ikabaki nao. Sheria ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 iliipiga marufuku, lakini iliendelea kwa miongo mingine katika baadhi ya mashamba. Madaktari wameandika kwamba maeneo ya mizabibu ya mkoa huo ni miongoni mwa yale yenye viwango vikubwa kabisa duniani vya watoto waliodhuriwa na pombe tumboni mwa mama zao. Hilo nalo ni tunda la mzabibu wa Rasi, ingawa halimo katika orodha yoyote ya mkahawa.

Vitabu vya upishi navyo vina habari yake. Mwaka 1891 Hildagonda Duckitt, bibi wa shamba, alichapisha kitabu cha mapishi ya Rasi ambamo vyakula vya Kimalei vimo kwa wingi. Jina la juu ya jalada ni lake. Baada yake alikuja C. Louis Leipoldt (1880–1947), daktari na mmoja wa washairi wakubwa wa Kiafrikana, aliyependa chungu na divai kama alivyopenda mashairi. Leipoldt aliandika historia ya divai ya Rasi na kitabu cha upishi wake, vyote viwili vikatoka baada ya kufa kwake. Yeye alikiri waziwazi kwamba deni kubwa la meza ya Rasi ni la wapishi wa Kimalei. Lakini kukiri deni si kulilipa. Ilikuwa mwaka 1988 ndipo Faldela Williams, mpishi wa jamii hiyo hiyo, alipochapisha kitabu cha mapishi ya Kimalei ya Rasi chenye jina lake mwenyewe jaladani. Kutoka kufika kwa Amersfoort mpaka jalada hilo ni miaka 330.

Katika miaka hiyo chungu kilihamishwa zaidi ya mara moja. Tarehe 11 Februari 1966 serikali ya ubaguzi wa rangi ilitangaza kwamba District Six, mtaa wa mchanganyiko ulio karibu na bandari, ni wa Wazungu peke yao. Watu zaidi ya 60,000 waliondolewa na kutupwa kwenye tambarare za mchanga mbali na mji, na nyumba zao zikabomolewa. Hawakuweza kubeba mtaa. Kilichobebeka ni kipimo cha bizari kilichokuwa kichwani mwa mama, na kwa hicho familia nyingi ziliendelea kuijua siku ya Ijumaa na siku ya Idi hata pale ambapo majirani walikuwa wageni.

Leo msafiri mwenye pesa na njaa anaweza kuzila historia hizi mbili katika siku moja, asijue kwamba ni mbili. Mchana atakwenda Constantia, ataonjeshwa divai chini ya mialoni, na kijana aliyefunzwa vizuri atamtajia mwaka, udongo na pipa. Jioni atapanda Bo-Kaap, kwenye nyumba zilizopakwa rangi za manjano, samawati na waridi, atakula katika mkahawa wa Kiislamu ambapo divai haiwekwi mezani. Wako wanaosikitika kwamba chakula kile kinakosa kinywaji chake. Wangejua, wangeona kwamba katika kukosekana kwa chupa hiyo yapo maneno. Watu ambao wazee wao walilima mizabibu ya wengine, na ambao wenzao walilipwa ulevi, walijichagulia meza isiyo na divai, wakaikaribisha dunia kwenye meza hiyo kwa maji, chai na sharubati.

Na upande wa chupa nako mambo hayakusimama. Mwaka 2004 Ntsiki Biyela aliajiriwa Stellenbosch kuwa mtengenezaji wa divai, mwanamke mweusi wa kwanza kushika kazi hiyo Afrika ya Kusini. Hakutoka katika koo za watumwa wa Rasi. Alitoka kijiji cha KwaZulu-Natal, na kabla ya kwenda kusoma hakuwa ameonja divai. Mwaka 2016 alianzisha divai yake mwenyewe akaiita Aslina, jina la bibi yake aliyemlea. Ni neno moja tu kwenye karatasi ya chupa, lakini kwa karne tatu na nusu chupa za nchi ile zilibeba majina ya mashamba na mabwana, na sasa mojawapo imebeba jina la bibi wa kijijini.

Majina ya wale watatu wa Constantia hayatapatikana kwa kuonja. Majina ya waliotia zabibu kavu katika nyama ya kusaga kwa mara ya kwanza nayo yamepotea. Lakini kila bobotie inayoletwa mezani ina mtu aliyeipika asubuhi hiyo, na mtu huyo ana jina, na pengine ana jina la bibi aliyemfunza. Mwaka wa divai msafiri ataambiwa bila ya kuuliza. Jina la mpishi itambidi aliulize mwenyewe.